Maganda ya risasi ya guka yamepasuka midomo karibu yote. Ni nini kiliyapasua?

#1 · MwanaNjoro
Wadau, habari za jioni.

Wiki iliyopita tulikuwa tunabomoa stoo ya marehemu guka (babu yangu) huku Njoro, ile ya mbao iliyojengwa juu ya banda la ndama. Darini tukakuta mkebe wa biskuti umefungwa kwa raba ya tairi la baiskeli. Ndani mna maganda 23 ya risasi, koleo zito la chuma lenye tundu kwenye taya, na risasi moja ambayo haijapigwa.

Guka alifariki 1998. Ujanani alikuwa mbeba bunduki wa mzungu mmoja mwenye shamba. Alituhadithia sana bunduki hiyo: haikuwa ya kuvuta komeo kama za polisi, ilikuwa na "bangili" chini karibu na kifyatulio. Unaisukuma bangili mbele, unairudisha, ganda linaruka juu na risasi nyingine inaingia. Kazi yake ilikuwa kuokota kila ganda. Likipotea moja nyasini, wanalitafuta hadi giza.

Chini ya kila ganda pameandikwa W.R.A. Co. 405 W.C.F. Kati ya 23, maganda 19 yana ufa unaoanzia mdomoni na kushuka, mengine kama urefu wa ukucha, mengine karibu nusu. Moja nililibana kwa vidole viwili tu likavunjika kama ganda la yai. Jirani yangu anasema yalijazwa baruti kupita kiasi. Siamini, maana guka alisema yule mzungu alipima baruti kwa mizani ndogo na alikuwa hataki mtu apumue karibu. Mnaojua bunduki za leva (hizo za "bangili") na kujaza risasi kwa mkono, nini kimetokea hapa?

#2 · Mstaafu_LangaLanga
Kijana, maganda yangoje. Hiyo risasi nzima ndiyo jambo la kwanza. Iache ilipo, watoto wasifike, usiipanguse, usijaribu kuichomoa kwa hilo koleo. Kuwa na risasi bila cheti ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, Sura 114, hata kama ni urithi. Pigia kituo simu, eleza uliikuta wapi, waje wenyewe. Usiibebe kwenye matatu.

#3 · FundiBondeni
Naunga mkono namba 2.

Sasa maganda. Mimi nafua shaba ya manjano hapa Nakuru mwaka wa kumi na nne. Chukua kipande chembamba, kikunje, kikunjue, kikunje tena. Mara ya kwanza ni laini, ya tano kimekaza, ya nane kinapasuka. Ganda la risasi nalo ni hivyo hivyo. Likipigwa, mdomo unatanuka hadi unagusa ukuta wa chemba, pale risasi inapokaa ndani ya bunduki. Ukitaka kulijaza upya unalibana lirudi saizi yake, halafu unaingiza risasi, linatanuka tena kidogo. Rudia mara kadhaa bila kulilainisha kwa moto na shingo itapasuka kwa urefu, kama ulivyoeleza. Mzungu alikuwa anayatumia tena na tena. Kesi imeisha.

#4 · Nyakwar_Nyalenda
Fundi, kesi haijaisha na umeanza na kosa. Risasi ya .405 haina shingo. Si kama .303 yenye mabega. Ganda lake limenyooka toka chini hadi juu, linapungua upana kidogo tu. Mwana Njoro, pima kwa rula: likiwa karibu sentimita sita na nusu, basi ndilo. W.R.A. Co. ni Winchester Repeating Arms, na W.C.F. maana yake ni risasi ya Winchester yenye fataki, kile kidude kinachowasha baruti, katikati ya kitako.

Bunduki yenyewe lazima ilikuwa Winchester ya 1895, kazi ya John Moses Browning. Hiyo .405 ilitoka 1904 kwa ajili yake. Na kwa wale watakaokuja kusema bunduki za leva hazitaki risasi zenye ncha: hiyo ni kweli kwa zile zenye magazini ya bomba chini ya mtutu, ambamo ncha ya risasi moja inakaa juu ya fataki ya nyingine. Hii ya 1895 ina magazini ya sanduku, kwa hiyo shida hiyo haipo.

#5 · Kapseret254
.405 Njoro? Hayo ni ya Roosevelt hayo, yule rais mstaafu wa Marekani! Alipita huku 1909, bunduki yake ya simba ilikuwa hiyo hiyo, aliandika kwamba kwake hiyo ndiyo "bunduki ya dawa" kwa simba. Mwanawe Kermit naye alikuwa nayo. Tunza huo mkebe, ndugu, ni mali ya makumbusho.

#6 · Nyakwar_Nyalenda
Kapseret, kila ganda la .405 Kenya sasa ni la Roosevelt? Kweli alishuka Mombasa Aprili 1909, akapanda Uasin Gishu kupitia Londiani akawaona Wanandi wakiua simba kwa mikuki, na Desemba akapitia hapa kwetu Kisumu kwenda Uganda. Lakini huyo guka alikuwa kijana miaka mingi baadaye. Baada ya Roosevelt watu wengi waliinunua bunduki hiyo kwa kumuiga.

#7 · MwanaNjoro
Asanteni. Nimepima: sentimita sita na nusu na ushee. Mstaafu, nimeifunika risasi kwa ndoo na nimefunga mlango kwa kufuli, kesho napiga simu.

Nyakwar, guka alizaliwa miaka ya ishirini. Kazi hii aliifanya wakati wa vita vya Hitler na kidogo baadaye.

#8 · Mwalimu_Kemia_Kakamega
Nimesoma tangu juu. Naomba wote mrudi kwenye sentensi ya kwanza ya Mwana Njoro: stoo ilikuwa JUU YA BANDA LA NDAMA.

Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, na ile ya maganda huwa takriban sehemu 70 kwa 30. Ganda linatengenezwa kwa kuvutwa na kubanwa, kwa hiyo ndani ya chuma hubaki mkazo ambao huuoni. Sasa lete amonia na unyevu kidogo. Amonia inashambulia mipaka kati ya chembe za chuma, na ule mkazo unafungua ufa wenyewe, bila mtu kugusa. Waingereza waliliona jambo hili Uhindi: risasi zilizowekwa karibu na mabanda ya farasi zilipasuka majira ya mvua, na hadi leo ufa wa aina hiyo Waingereza wanauita kwa jina la majira. Sababu ilielezwa vizuri 1921. Mkojo wa mifugo ndio uliotoa amonia. Guka yako aliweka mkebe juu ya ndama kwa zaidi ya nusu karne. Ungetegemea nini?

#9 · MamaNg'ombe_Molo
Mwalimu sema tena! Mimi nina ng'ombe kumi na mmoja Molo, na nikifungua banda la ndama alfajiri wakati wa baridi, kama halikupigwa hewa usiku, machozi yanatoka kabla sijawasha taa. Ile harufu ndiyo amonia.

Na nina ushahidi. Karabai ya marehemu baba, tangi lake la shaba, tuliitundika kwenye banda la kuku miaka mitatu. Siku tulipotaka kuiwasha kwa matanga, mafuta yakavuja kutoka ufa mrefu kwenye mshono. Haikuanguka wala kugongwa. Fundi wa Molo alikataa kuichomea, akasema shaba imeoza. Sikumwelewa hadi leo.

#10 · BarafuDunga
Nafanya kazi ya mitambo ya barafu ya samaki, upande wa Kisumu. Mashine zetu zinatumia amonia. Kitu cha kwanza unachofundishwa ni kwamba mabomba na valvu zote ni za chuma. Ukiweka hata kiungio kidogo cha shaba ya manjano, mkubwa wa kazi anakufukuza siku hiyo hiyo. Kwa hiyo hoja ya mwalimu kwetu si nadharia.

#11 · FundiBondeni
Nakubali amonia ipo. Lakini mkebe ulifungwa kwa raba. Na mbona manne hayakupasuka? Amonia inachagua?

#12 · Mwalimu_Kemia_Kakamega
Raba ya tairi haizuii gesi miaka hamsini, fundi. Na manne hayo pengine hayakuwa na mkazo uleule. Kama yalipashwa moto, mkazo ulitoka.

#13 · FundiBondeni
Basi unanisaidia mimi! Ukisema kubanwa ndiko kulikoleta mkazo, basi ule wa kiwandani ni mdogo. Mkubwa ni wa kujazwa na kujazwa tena.

#14 · Sajini_Mstaafu_Webuye
Naomba kuingia, mimi si mtu wa kuandika mara kwa mara.

Kuna jambo la tatu. Fataki za zamani zilikuwa na zebaki ndani yake. Ilipopigwa kwa baruti nyeusi, masizi mengi yaliibeba zebaki na kuitoa. Baruti isiyo na moshi ilipokuja, masizi yakapungua, zebaki ikabaki na kuingia kwenye shaba. Shaba iliyokula zebaki haipasuki mdomoni tu, inakuwa dhaifu mwili mzima, unaivunja kwa mkono. Jeshi la Marekani liliacha fataki za zebaki mwishoni mwa karne ya 19 kwa sababu hiyo, maana lilitaka maganda yajazwe tena. Viwanda vya kuuzia raia viliendelea nazo miaka mingi baadaye.

Mwana Njoro amesema ganda moja lilivunjika kama yai. Hiyo, mimi nasema, ni zebaki. Ndiyo maana tulikuwa tunaambiwa ganda la zamani usilojua historia yake hulijazi hata likionekana zuri.

#15 · Nyakwar_Nyalenda
Sajini, heshima zako. Hapo umenigusa. Lakini kupasuka kwa maganda kuna ramani yake, na mahali pa ufa panasema mengi:

Ufa wa urefu kutoka mdomoni: shaba imekaza, au amonia. Ufa wa kuzunguka kama pete karibu na kitako: ganda limevutwa. Hapo ndipo bunduki za leva zinapolaumiwa, kwa sababu nyingi zinafunga komeo kwa nyuma, kwa hiyo chuma kinajinyoosha kidogo risasi inapolipuka na ganda linajinyoosha nacho. Ile ya 1895 inafunga nyuma. Likitumika mara nyingi, siku moja kitako kinatoka na mwili unabaki chembani. Na likiwa dhaifu mwili mzima: zebaki.

Mwana Njoro, chukua msumari mwembamba, pinda ncha, ingiza ndani ya ganda zima, ukwaruze ukuta kutoka chini. Kuna mahali unahisi mfereji kidogo juu ya kitako?

#16 · MwanaNjoro
Nimetumia waya wa spoku. Kwenye maganda mawili nahisi kama mfereji, karibu kipimo cha punje ya mahindi juu ya kitako. Kwenye mengine hakuna.

Nimegundua lingine. Nimeyapanga dirishani mchana. Yaliyopasuka yana weusi, na ndani ya nyufa mna rangi ya kijani inayoelekea bluu. Manne mazima yana midomo yenye rangi nyingine, kama upinde: manjano, zambarau kidogo, halafu bluu hafifu, inaishia katikati ya ganda.

#17 · FundiBondeni
HIYO RANGI NI YA MOTO! Aliyapasha! Ndivyo inavyofanywa: unayasimamisha kwenye sinia ya maji ili kitako kibaki kigumu, mdomo unaupiga moto, halafu unaliangusha majini. Kitako hakitakiwi kulainika kabisa, maana ndicho kinachozuia moto usimrudie mpigaji usoni. Aliyefanya kazi hii alijua anachokifanya. Nimefurahi kama nimemwona.

#18 · Mwalimu_Kemia_Kakamega
Na bluu-kijani ndani ya nyufa ni chumvi za shaba. Amonia inapenda kutoa rangi hiyo. Nasimama pale pale.

#19 · Sajini_Mstaafu_Webuye
Unyevu wa Njoro pekee unaweza kutoa kijani, mwalimu. Hata sarafu iliyozikwa inaota kijani.

#20 · MamaNg'ombe_Molo
Sajini na Njoro! Uje Molo Julai uone unyevu. 😄

#21 · Kapseret254
Samahani kutoka nje kidogo. Hivi kwa nini mtu apate shida yote hii ya kujaza maganda? Si angenunua mpya?

#22 · Mstaafu_LangaLanga
Angenunua wapi? Wakati wa vita meli zilibeba silaha za jeshi, si risasi za kuwindia za Kimarekani. .303 ungeipata kwa sababu ndiyo ya serikali. Mwenye .405 alibaki na maganda aliyonayo. Na usidhani leo mtu anaweza kukaa sebuleni ajaze. Bila kibali cha mamlaka ya leseni ni jela. Na uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku Mei 1977.

#23 · Kapseret254
Kiwanda chetu cha Eldoret hakiwezi kutengeneza .405?

#24 · Nyakwar_Nyalenda
Hicho ni cha risasi za vyombo vya usalama, mkuu. Lakini .405 haikufa. Hornady ya Marekani iliirudisha, na Winchester ikatoa tena ile bunduki. Ukiiona picha, kitu cha kwanza unachokiona ni hiyo "bangili" ya guka.

#25 · MwanaNjoro
Nimekaa na shosho, mke wa guka, jioni hii. Ana miaka tisini na kitu, lakini kumbukumbu yake ni kali. Nilimwonyesha ganda moja. Alilinusa. Kitu cha kwanza kabisa, kabla ya kusema lolote, alilinusa.

Nikamuuliza kwa nini. Akasema guka akitoka kwa mzungu siku za kusafisha bunduki, mikono yake ilinuka mkojo wa punda, na hata sabuni ya kipande haikuitoa. Kulikuwa na chupa ya kahawia yenye kizibo cha raba. Wakimaliza mtutu, maji yaliyobaki guka aliyamwaga kwenye karai na kuyasugulia maganda humo yang'ae. Shosho alimkataza asimshike mtoto hadi anawe kwa majivu.

#26 · Mwalimu_Kemia_Kakamega
Amonia! Dawa ya kuondoa utando wa chuma mtutuni ilikuwa na amonia kali. Wawindaji wa zamani waliipenda kwa sababu risasi zenye koti la shaba na nikeli ziliacha utando mgumu. Aliyaosha maganda kwa sumu yao yenyewe.

Shosho apewe shikamoo zetu.

#27 · BarafuDunga
Kwa hiyo sasa tuna amonia mbili: ya ndama na ya chupa. Ya chupa ina nguvu mara nyingi zaidi. Kazini, kiungio cha shaba hakihitaji miaka.

#28 · FundiBondeni
Na kama aliyaosha yote kwenye karai moja, mbona yaliyopashwa moto yakapona? Mnaona? Amonia ni kiberiti tu. Kuni ni mkazo wa kubanwa.

#29 · Sajini_Mstaafu_Webuye
Na la yai? Hakuna aliyenijibu la yai.

#30 · Mwalimu_Kemia_Kakamega
Sajini, swali lako ni la haki. Kuna njia ya kujua. Risasi nzima! Kama ni ya kiwandani na haijawahi kupigwa, ganda lake halikuwahi kukutana na zebaki ya fataki iliyolipuka. Likiwa na ufa nalo, basi zebaki haihusiki na huo ufa. Mwana Njoro, usiiguse, lakini ukiitazama kwa mbali...

#31 · Mstaafu_LangaLanga
Mwalimu, hapana. Asiitazame kwa karibu wala kwa mbali. Ganda lililopasuka na baruti ya miaka themanini ndani si kitu cha kuchungulia.

#32 · MwanaNjoro
Wamekuja leo asubuhi, maafisa watatu. Mmoja alikuwa na glavu na sanduku la mbao lenye mchanga. Walikuwa watu wa heshima, waliandika maelezo, walinipa nakala. Maganda na koleo wameniachia, wakasema wakihitaji watarudi.

Sikuisogelea. Lakini alipoiinua kuiweka mchangani, jua la mlangoni liliimulika. Mdomo wa ganda una ufa upande mmoja, mwembamba kama unywele, unashuka kando ya risasi.

#33 · Mwalimu_Kemia_Kakamega
Basi. Zebaki imetoka mchezoni.

#34 · Sajini_Mstaafu_Webuye
Imetoka ikiwa ni ya kiwandani. Kama yule mzungu aliijaza kwa mkono, ganda lilishapigwa mara moja au zaidi. Mwana Njoro, mdomo ulikuwa na ile rangi ya upinde? Risasi yenyewe ilikuwa ya madini ya risasi tupu, ya kijivu, au ina koti la shaba?

#35 · MwanaNjoro
Sikuona, sajini. Ilikuwa sekunde mbili hivi. Niliuona ufa tu kwa sababu mwanga uliingia ndani yake.

#36 · FundiBondeni
Kijivu ingemaanisha imemwagwa kwa kalibu nyumbani. Ee, hiyo ingetuambia kila kitu.

#37 · Nyakwar_Nyalenda
Tumesahau koleo. Koleo lenye tundu kwenye taya si la misumari, hilo ni la kujazia risasi. Kampuni ya Ideal ya Connecticut ilianza kuyatengeneza 1884, na Winchester nao walikuwa na yao. Huwa yamepigwa chapa ya saizi ya risasi. Kama ni .405, mzungu alikuwa anajaza hii hii. Kama ni saizi nyingine, basi huenda hizi zilitoka kiwandani na hadithi ya kujaza ilikuwa ya bunduki yake nyingine. Lisugue, utuambie.

#38 · MwanaNjoro
Limeota kutu vibaya. Nimelilaza kwenye mafuta ya taa tangu saa kumi. Sasa hivi nimepitisha brashi ya meno mara moja upande wa mpini. Naona mstari uliosimama ambao unaweza kuwa I, au upande wa W. Tarakimu bado ziko chini ya kutu. Narudi kesho asubuhi kukiwa na mwanga.